Nyuma ya pazia la maji: Seljalandsfoss saa nne usiku

Mtu akinionyesha picha alizopiga nyuma ya maporomoko ya Seljalandsfoss, mara nyingi naweza kumtajia saa aliyokuwa pale kabla hajaniambia. Pango jeusi tii, anga imeungua hadi imekuwa karatasi nyeupe, na katikati maji yasiyo na umbo: hiyo ni saa nane mchana. Naitambua kwa sababu ndivyo zilivyokuwa zangu za mara ya kwanza. Nilipiga fremu zaidi ya mia, nikabaki na mbili, na zote mbili nilizipiga kabla sijaingia ndani.

Maporomoko yenyewe yako kusini mwa Iceland, kando ya barabara namba 1, ile inayozunguka kisiwa kizima. Ukitoka Reykjavík ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Hakuna kiingilio, ila maegesho yanalipiwa. Maji yanaanguka mita 60 hivi, ya mto Seljalandsá unaoshuka kutoka kwenye barafu ya Eyjafjallajökull, ule mlima wa volkeno uliolipuka mwaka 2010 na majivu yake yakazuia ndege karibu Ulaya nzima. Genge yanakotokea lilikuwa pwani. Zamani bahari ilikuwa ikilipiga jabali hili hili. Sasa mbele yake ni malisho ya kondoo, na bahari iko mbali kusini. Tabaka gumu la juu limebaki, tabaka laini la chini limeliwa, na nafasi iliyobaki ndiyo njia tunayopita. Jina lake nalo ni la wafugaji: sel ni kibanda cha malisho ya kiangazi, land ni ardhi, foss ni maporomoko.

Sasa, kosa la saa nane mchana. Nilikulia Moshi, na maporomoko ya kwetu, kama Materuni, unayatazama ukiwa mbele yake. Mwanga unayagonga maji usoni, nawe unapiga kile mwanga ulichokigonga. Ukiwa nyuma mambo yanageuka. Maji yanakuwa pazia kati yako na mwanga, na pazia halina rangi mpaka kitu kiliangazie kutoka upande wa pili. Genge la Seljalandsfoss linatazama magharibi. Maana yake unangoja jioni, jua likiwa limeshuka kiasi cha kuingia pangoni moja kwa moja. Hapo kila tone linashika moto wake, kuta za mwamba zinageuka rangi ya asali, na majani yaliyoota ukingoni yanang'aa kama kioo cha kijani.

Jioni ya Iceland nayo ina visa vyake. Sisi tunahesabu saa tangu macheo, na kwetu hesabu hiyo haimtupi mtu. Kule mwezi wa sita jua linachomoza saa tisa usiku na kuzama dakika chache kabla ya saa sita usiku. Adhuhuri ya kweli, jua likiwa juu kabisa, ni kwenye saa saba na nusu mchana, kwa kuwa wameamua kufuata saa za Greenwich (GMT) mwaka mzima ilhali wako magharibi zaidi. Mwezi huo mimi hufika maporomokoni saa nne usiku. Mabasi ya watalii yameshaondoka, na mwanga ndiyo kwanza unaanza kuiva.

Halafu hauishi haraka, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Kwetu jua linashuka wima kama jiwe. Ukishughulika na stendi ya kamera dakika ishirini, giza limeingia. Kule linateleza kwa mshazari juu ya upeo, na mwanga wa dhahabu unakaa saa na zaidi. Unaweza kukosea, ukajikausha, ukarudia. Wakati wa kipupwe njia ya nyuma huganda barafu na hufungwa. Ukiona mnyororo, usiuruke.

Kuhusu manyunyu, wengi hutazama kama kutanyesha. Mimi hutazama upepo, kwenye tovuti ya idara yao ya hali ya hewa, vedur.is. Upepo wa magharibi unayasukuma maji yote ndani ya pango, na siku hiyo hata uwe fundi namna gani utatoka na picha za matone. Ukivuma kutoka mashariki, pazia linasukumwa nje nawe unapumua. Nguo zako zitalowa vyovyote iwavyo. Koti la mvua la kweli, suruali ya mvua pia, na viatu visivyoteleza, kwa kuwa yale mawe yana utelezi wa bamia.

Kamera naivisha kofia ya plastiki ya kuogea, zile zinazowekwa bafuni hotelini. Inafunika kila kitu na gharama yake ni kuikumbuka. Vitambaa vya kufutia navibeba vitano, kila kimoja kwenye mfuko wake, kwa maana kitambaa kikishalowa kinapaka maji tu. Utaratibu wangu ni huu: lenzi naigeuzia ukutani, napanga kila kitu nikiwa nimeipa maji mgongo, nafuta, nageuka, napiga fremu tatu nne upesi, nageuka tena. Kati ya kufuta na tone la kwanza una kama sekunde tano. Kuna waliozoea kuchungulia skrini baada ya kila fremu. Sekunde zao zinaishia hapo.

Lenzi iwe pana, milimita 16 au chini yake, la sivyo hutaingiza ukingo wa pango, na bila ukingo huo mtazamaji hajui ulikuwa nyuma. Naanza na f/11, yaani tundu la lenzi limebanwa, na ISO 100, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga uko chini. Shata, yaani muda wa kuruhusu mwanga uingie, naiweka kati ya robo na nusu sekunde. Watu wanapenda sekunde kadhaa ili maji yawe kama maziwa. Mimi naona nyuma ya maporomoko hilo linaua picha, kwa sababu ukiwa pale unaona nyuzi, mafundo, vitambaa vinavyochanika hewani. Nusu sekunde inaviacha. Jua lenyewe nalificha nusu nyuma ya ukingo wa mwamba na kubana tundu la lenzi zaidi, hadi f/16, nalo linatoa miale kama nyota. Anga ina mwanga mwingi mno kuliko mwamba, hivyo napiga fremu tatu za mwangaza tofauti na kuziunganisha nyumbani. Upinde wa mvua usiutafute ndani. Unahitaji jua liwe mgongoni kwako, kwa hiyo utauona ukiwa mbele, alasiri.

Ukimaliza, tembea kama dakika kumi kuelekea kaskazini. Kuna ufa kwenye genge, kijito kinatoka humo. Ukipita kwenye maji ya vifundoni unakuta maporomoko mengine yamejificha ndani, Gljúfrabúi, yaani mkazi wa korongo. Humo nimeshaacha kupiga picha. Hakuna pa kugeuzia lenzi.

Ukiwa karibu na Uganda, yale ya katikati miongoni mwa maporomoko matatu ya Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, nayo yana pango nyuma. Kofia ya kuogea na vitambaa ni vile vile, ila dakika zako ni za kwetu, si za Iceland.

Jambo la mwisho ni garini. Kamera imepoa, humo ndani umewasha hita. Ukiitoa tu, lenzi inapata ukungu ndani na nje. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uibane hewa, na usiifungue kwa nusu saa hivi. Mimi hunywa chai ya chupa kwanza, soksi zikiwa juu ya dashibodi.