Mjumbe hauawi: dhana potofu kuhusu injini inayovuta hewa pembeni

"Fundi, kompyuta imesema sensa ya oksijeni, wewe nifungie tu." Maneno hayo nimeyasikia tena juzi, kwa mteja aliyekuja na sensa mpya mkononi, ya pili ndani ya miezi mitatu. Sailensa ya gari lake (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, akisimama injini inatetemeka, na taa ya injini haizimiki.

Kompyuta haikusema hivyo. Ilitoa kodi ya hitilafu, P0171, ambayo maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Sensa ndiyo iliyoleta habari hiyo, na mjumbe hauawi.

Hewa yote ya injini ya petroli inatakiwa ipite kwenye filta, ihesabiwe na sensa ya hewa, ndipo ifike kwenye throto, mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta, na kuingia manifoldi, bomba linaloigawa kwenye silinda. Mpira ukipasuka baada ya hapo, au gasketi ya manifoldi ikichoka, injini inavuta hewa ya wizi. Kompyuta inatoa mafuta kwa hewa iliyohesabiwa tu, ikilenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sensa iliyoko kwenye ekzosi inakuta oksijeni imebaki, inaripoti, kompyuta inaongeza mafuta hadi inafika kikomo chake, taa inawaka. Ukifunga sensa mpya hapo, umenunua mjumbe mwingine aje na habari ileile.

Ipime kwanza. Sensa ya kizamani hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Injini ikiwa ya moto, kanyaga mafuta ghafla: inaruka kuelekea 0.9. Achia: inazama. Ikifanya hivyo upesi, ni nzima, iache ilipo.

Kisha, kwenye mashine yako ya kusomea kodi, tazama asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Kwenye sailensa inasoma +20 au zaidi, ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 inarudi karibu na sifuri? Hewa inaingia pembeni. Throto ikiwa imefungwa, injini inahitaji hewa kidogo na manifoldi inavuta kwa nguvu, kwa hiyo hata kitundu kinavuruga hesabu. Throto ikifunguka, wizi uleule hauonekani kwenye hewa nyingi inayopita. Kama namba inazidi kuharibika kadiri unavyokanyaga, achana na mipira, kaangalie pampu na filta ya petroli, au uchafu kwenye sensa ya hewa. Kazi yote hiyo ni dakika tano, hujafungua hata nati moja. (Gari linalotumia sensa ya presha ya manifoldi badala ya sensa ya hewa lina tabia yake: mara nyingi utaona sailensa imepanda tu, mafuta yako sawa.)

"Ingekuwa inavuta hewa ningesikia mluzi." Baadhi hupiga mluzi. Gasketi ya manifoldi iliyoachia upande wa chini utaisikiaje na feni inazunguka? Tena kuna mianya inayofunguka asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Joto likipanda, plastiki inatanuka na mwanya unajiziba. Gari la namna hiyo liletwe likiwa limelala usiku kucha. Mluzi unaosikika ukikanyaga breki, pedali nayo ikiwa ngumu, ni busta ya breki, inayotumia mvuto wa manifoldi kukusaidia kukanyaga. Hilo halisubiri mwisho wa mwezi.

"Puliza dawa ya kabureta, ukisikia injini imebadilika umepata." Kweli utapata. Pia unapuliza kitu kinachowaka juu ya ekzosi ya moto na waya za plagi zilizochakaa. Mimi napuliza maji kidogo kwenye maungio ya gasketi, mipira naibana kwa koleo mmoja mmoja huku nasikiliza, na palipojificha natumia mashine ya kusukuma moshi ndani ili nione unapotokea, injini ikiwa imezimwa. Mpira ukikatika kwa kubanwa, ulikuwa umeshakwisha.

"Kaza skrubu ya sailensa itatulia." Inatulia kwa wiki moja. Kwenye kabureta ya zamani, tikisa shafti ya throto kwa mkono. Ikicheza, hewa inapita hapo, na hakuna skrubu wala gasketi itakayokusaidia.

Silikoni juu ya gasketi ya manifoldi sitaki hata kuiona. Petroli inailainisha, vipande vinang'oka na kuvutwa ndani. Kwangua, pima kwa rula ya chuma kama uso uko bapa, weka gasketi mpya, kaza kutoka katikati kwenda nje kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza.

Na gari likifika miaka 15 likiwa bado na mipira midogo ya kiwandani, usibadilishe uliopasuka peke yake. Badilisha yote, ukitoa mmoja na kurudisha mmoja, la sivyo utakesha ukitafuta upi unaenda wapi. Wa busta uwe mnene wa kazi hiyo. Mwembamba utanywea kwa mvuto. Wa valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, ustahimili oili.

Yule wa sensa mbili? Ni kiwiko cha mpira wa PCV, kimechanika chini ambako hakuonekani bila kioo. Sensa ya kiwandani alishaitupa. Ile mpya ameondoka nayo mkononi, kama alivyokuja.