Uso ulioonekana kwenye sarafu ya Tabora

Heller 20, sarafu ya koloni la Wajerumani iliyogongwa Tabora mwaka 1916, haifiki mezani kwetu makumbusho bila hadithi. Huyu ameona uso wa mwanamke pembeni mwa taji, yule nyoka, mwingine herufi za Kiarabu. Bei nayo imeshapandishwa kufuata uso.

Wenye sarafu hawadanganyi. Jicho la binadamu lina haraka na sura: lione nukta mbili na mstari chini yake, basi ubongo umeshakamilisha pua na mdomo. Na sarafu za Tabora zina mengi ya kulidanganya. Wakati wa vita, manowari za Waingereza ziliifungia njia za bahari Afrika Mashariki ya Wajerumani, sarafu kutoka Ulaya zikakatika, na karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Mihuri ya chuma iliyotumika kugonga ilichakaa na kupasuka. Muhuri ukipasuka, shaba huingia kwenye ufa na kuacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Ongeza miaka zaidi ya mia ya mifuko, udongo na kutu, nyoka hakosekani.

Ugumu ni kwamba heller 20 hizo zina tofauti za kweli pia. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kuna ambazo ncha za L katika neno HELLER zimejikunja, na nyingine zimechongoka. Wakusanyaji wanazitambua kwa sababu zimetokana na mihuri tofauti, kwa hiyo alama ileile, mahali palepale, unaikuta kwenye sarafu nyingine iliyotoka muhuri huohuo. Yule mwanamke wa pembeni mwa taji yuko kwenye sarafu moja tu, tena taa ikiwa upande wa kushoto.

Kwa hiyo izungushe sarafu polepole chini ya taa moja. Ufa wa muhuri umeinuka, mkwaruzo umezama. Angalia kwa makini hapo, maana ubongo hudhani mwanga unatoka juu. Ukiimulika sarafu kutoka chini, shimo huonekana kama kilima. Picha ya simu iliyovutwa sana haifai kabisa: programu yenyewe hunoa kingo na kuzua mistari. Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu na mchanga ili "uso utokee". Tumeletewa sarafu nzuri zilizokufa hivyo.

Mara nyingine alama ipo kweli, ila maana yake ndiyo ya kubuni. Mwaka 1964, nusu dola ya Kennedy ilipotoka Marekani, watu walidai wameona nyundo na mundu wa Wakomunisti chini ya shingo yake. Zilikuwa herufi G na R zilizounganishwa, za mchongaji Gilroy Roberts. Kabla ya hapo, JS kwenye senti kumi ya Roosevelt ya 1946 zilisomwa kuwa Joseph Stalin, kiongozi wa Wakomunisti wa Kisovieti, kumbe ni John Sinnock aliyeichonga.

Ukija na heller yako, njoo na nyingine ya mwaka huohuo kama unayo, hata iliyochakaa. Tutaziweka pamoja chini ya taa moja.