Harufu ya jiko la jirani: jua inapopita kabla hamjagombana

Malalamiko kuhusu harufu ya mapishi ya jirani hutufikia sisi maafisa wa afya ya mazingira yakiwa yameshapitiliza. Watu wameshanuniana, watoto wameshakatazwa kucheza pamoja, na mlalamikaji hatafuti tena suluhisho; anachotaka ni jirani akaripiwe. Tukikagua, mara nyingi tunakuta chanzo cha ugomvi ni tundu la kupitishia bomba ambalo fundi hakuliziba, au feni ya mlalamikaji mwenyewe. Ndiyo maana nashauri tuanze na hewa. Jirani atafuata.

Ukuta wa tofali uliopigwa lipu vizuri haupitishi harufu ya kukusumbua. Harufu ni hewa, na hewa hupita palipo wazi: chini ya mlango, pembeni mwa fremu ya dirisha, kwenye matundu ya mabomba na nyaya, na zaidi ya kote, juu ya dari. Katika nyumba nyingi zilizojengwa kwa kuungana, ukuta wa kutenganisha vyumba huishia usawa wa dari. Huko juu chini ya paa pamebaki uwazi mmoja kwa wote. Mvuke wa jiko la chumba cha mwisho unapanda, unatembea juu ya dari za watu, kisha unashuka penye ubao uliolegea au tundu la taa. Anayeupata huenda si yule wa chumba jirani, na hapo ndipo mtu anapomtuhumu asiyehusika.

Lakini uwazi peke yake hautoshi. Lazima kuwe na kitu kinachoisukuma au kuivuta hewa, na hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza wenyewe. Harufu inaingia, mtu anakimbilia kufunga madirisha yote, kisha anawasha feni ya kutolea hewa jikoni au chooni ili "aitoe". Feni inatoa hewa kweli. Hewa iliyotoka lazima ijazwe na nyingine, na kwa kuwa madirisha yamefungwa, itavutwa kupitia kila ufa uliopo, zikiwemo nyufa zinazotazama jikoni kwa jirani. Kadiri feni ilivyo na nguvu ndivyo harufu inavyozidi. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuwasha feni, fungua dirisha la upande wenye hewa safi, ule usioelekea jiko linalokusumbua. Feni itavuta kutoka huko na nyufa hazitakuwa na kazi.

Kwenye maghorofa kuna nguvu nyingine. Hewa yenye joto hupanda, hivyo jengo likiwa na joto kuliko nje, hewa huingia chini na kutokea juu kupitia ngazi, njia ya lifti na mashimo ya mabomba. Wa juu hula harufu za wa chini. Nako nje, jioni tulivu isiyo na upepo, hewa ya karibu na ardhi hupoa na kutulia, na moshi uliokuwa ukipeperushwa mchana unabaki umelala kati ya nyumba. Jirani huenda hajabadilisha chochote. Ni saa tu iliyobadilika.

Kuitafuta njia ya harufu hakuhitaji chombo cha kitaalamu. Chukua karatasi laini ya chooni, chana ukanda mwembamba wenye upana wa kidole na urefu wa kiganja. Subiri saa ambazo harufu huja, funga milango na madirisha, washa feni. Shika ukanda huo kwa ncha, uusogeze taratibu karibu na kila sehemu unayoishuku: chini ya mlango, kwenye soketi za ukutani, kwenye kifuniko cha dari, pale ukuta unapokutana na dari, na ndani ya kabati la sinki mahali bomba linapoingia ukutani. Usipumue kuielekea karatasi. Palipo shwari itaning'inia wima. Penye upenyo itainama kuja kwako. Kwa uzoefu wangu, hapo chini ya sinki ndipo inapoinama zaidi, kwa sababu fundi hutoboa tundu kubwa kuliko bomba, kisha anafunika kwa kisahani cha plastiki kinachoficha ubaya bila kuziba chochote.

Penye upenyo mdogo ziba kwa silikoni, tundu kubwa lijaze saruji au povu la ujenzi, mlango uwekee mpira wa kuziba chini na pembeni. Soketi usiiguse kabla ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Uwazi wa juu ya dari ni kazi ya mwenye nyumba, kwani ukuta unatakiwa kuinuliwa hadi kwenye bati au zege. Mdai hilo bila haya, maana uwazi huohuo hupitisha moto nyumba moja ikiungua.

Sinki au shimo la maji la bafuni lisilotumika kwa muda nalo ni njia. Chini yake bomba limepindwa makusudi ili maji yabaki na kuzuia hewa ya bomba la taka isirudi ndani. Maji hayo yakikauka, unapokea harufu za bomba zima la jengo. Mwaga jagi la maji, mambo yamekwisha.

Kuna tahadhari moja kubwa kabla hujaziba chochote. Kama na wewe unapikia ndani kwa mkaa, kuni au mafuta ya taa, au una hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje, usiigeuze nyumba kuwa chupa iliyofungwa. Usizibe kamwe matundu ya kudumu ya kupitishia hewa yaliyowekwa na mjenzi. Kaboni monoksaidi ni gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mkaa unaowaka huitoa kwa wingi hata moshi ukiwa hauonekani. Unaweza kufanikiwa kuizuia harufu ya jirani na ukalala usiamke kwa sababu ya jiko lako mwenyewe.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo watu huchanganya. Harufu, moshi na gesi ni vitu vitatu, ingawa mara nyingine huja pamoja. Harufu ya chakula ni molekuli chache mno za gesi ambazo pua huzinasa. Inaweza kukera sana bila kudhuru mwili, ingawa kwa mjamzito mwenye kichefuchefu au mtu mwenye kipandauso, kukera huko ni mateso halisi. Moshi ni habari nyingine. Una chembechembe, na zile za kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, karibu mara 30 nyembamba kuliko unywele, hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa chembechembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa, na moshi wa kuni au mkaa ndani ya chumba huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Hata mafuta ya kukaangia yakipashwa hadi yafuke moshi hutoa akrolini, ile inayochoma macho na koo. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kukaanga kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo ukisema "harufu yao inanikera", hiyo ni kero. Ukisema "macho yanawasha na mtoto mwenye pumu anabanwa kifua kila wanapopika", hiyo ni hoja ya afya, na inastahili kusemwa hivyo.

Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu ya kutambulika. Ule uvundo huongezwa makusudi. Utaratibu wa kulazimisha nyongeza hiyo ulishika kasi baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, nchini Marekani, mwaka 1937, uliotokana na gesi iliyovuja bila mtu kuinusa na kuua watoto na walimu karibu 300. Ukinusa uvundo huo kutoka kwa jirani, hilo si suala la ujirani mwema tena. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kupita chini ya milango. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usiwashe kiberiti, toka nje na watu wako, waite jirani kwa sauti badala ya kengele ya mlangoni, kisha piga simu ya dharura ukiwa mbali.

Madukani utauziwa mengi. Manukato ya kupuliza hayaondoi harufu, yanaongeza ya pili juu ya ya kwanza. Ubani na udi navyo hufukiza chembechembe zaidi. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, yaani kichujio cha kunasa chembechembe ndogo sana, hunasa moshi vizuri sana, lakini harufu hupita katikati yake, kwa kuwa molekuli za gesi ni ndogo mno kwa kichujio hicho. Kinachonasa harufu ni mkaa amilifu, uliotengenezwa kuwa na vijitundu vingi kiasi kwamba gramu moja ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500. Ukishajaa lazima ubadilishwe. Mkaa wa jikoni hauwezi kazi hiyo, hata ukiuweka ndoo nzima. Mashine za kuzalisha ozoni, gesi kali, kaa nazo mbali: ozoni ya kutosha kuua harufu inatosha pia kuumiza mapafu.

Sasa jirani. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba huenda kweli hanusi. Pua iliyokaa ndani ya harufu ileile huizoea ndani ya dakika chache, na mpishi ndiye wa kwanza kuacha kuihisi. Ukimwambia nyumba yake inanuka, masikioni mwake umemtukana chakula chake, na pengine kwao pia. Taja hewa, usitaje chakula. Na usiende wakati sufuria iko jikoni. Mwendee siku nyingine, umwambie kwa mfano: "Habari za leo, jirani. Samahani, kuna jambo naomba tusaidiane. Moshi wa jikoni ukitoka pale dirishani unaingia moja kwa moja chumbani kwa watoto, hasa jioni. Nimeshaziba upande wangu lakini bado. Ukipata nafasi njoo uone unavyoingia." Mtu aliyeitwa kuona hujitetea kidogo kuliko mtu aliyeambiwa. Ukipokelewa kwa maneno makali, ondoka; kesho bado mtakuwa majirani.

Omba kitu kinachowezekana. Jiko likisogezwa mita chache kutoka dirishani kwako, sufuria ikifunikwa, mafuta yasipoachwa kufuka, feni ya jikoni ikiwashwa kabla ya moto na kuachwa dakika kadhaa baada ya kumaliza, kichujio chake kikisafishwa mafuta: haya hayamgharimu sana. Bomba la kutolea moshi linapoishia mkabala wa dirisha la mtu, linatakiwa kupandishwa juu ya paa. Kwenye jengo ambalo feni kadhaa hutumia bomba moja, kila tawi liwe na kilango cha kuzuia hewa isirudi. Bila hicho, feni moja ikiwaka inawapulizia wengine.

Usikate tamaa badiliko la kwanza lisipoleta nafuu kubwa. Pua haihesabu kama mizani: harufu ikipunguzwa nusu, mtu huhisi imepungua kidogo tu. Mara nyingi nafuu huja baada ya mambo mawili matatu kufanywa kwa pamoja.

Ikishindikana, andika. Tarehe, saa ilipoanza na kuisha, upepo ulitoka wapi, ukali wake, ulichoshindwa kufanya kwa sababu yake. Tunapopima kero ya harufu tunatazama inakuja mara ngapi, inakaa muda gani, ni kali kiasi gani na ni ya namna gani, na mahali penyewe ni pa makazi au pa biashara. Kumbukumbu za wiki chache zinatusaidia kuliko barua ndefu ya hasira. Mtu anayepika kwa biashara kutwa nzima kwenye nyumba ya kuishi ana wajibu tofauti na familia inayopika mlo wake. Chakula cha kawaida, kikipikwa saa za kawaida na bila moshi wa kudhuru, si kosa, na hakuna afisa atakayekuja kukizuia kwa sababu tu mwenye nyumba ya pili hakipendi.