Je, wajua kwa nini mtoto huona upesi mkubwa anaposema hili na kutenda lile?

Asubuhi moja Chumbageni, Tanga. Mama yuko barazani anachambua mchele, simu inaita. "Niko kwenye bajaji, shoga, nakaribia Ngamiani." Mwanawe wa miaka sita anamtazama mama, anautazama ungo, kisha anaendelea na mchezo wake. Jana alichapwa kwa kukana kwamba alilamba sukari.

Kimya chake ndicho kinachotupoteza. Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa, basi tunadhani hakuona. Ameona. Kufikia miaka minne au mitano, watoto wengi wanajua kuwa mtu anaweza kuaminishwa jambo lisilo kweli: shoga hauoni ule ungo, yeye anauona. Tena sheria za nyumbani bado anazisoma, na somo lake ni sisi.

Anajifunza nini hasa? Mwaka 1970, huko Marekani, James Bryan na Nancy Walbek walichapisha utafiti ambao kila mzazi anafaa kuufikiria. Watoto walimwona mtu mzima akihimiza kuwapa wahitaji, naye mwenyewe hatoi. Walipopewa nafasi ya kutoa, walifuata alichotenda. Walipotakiwa kusema, walifuata alichosema. Maneno yalizaa maneno, vitendo vikazaa vitendo. Hilo linanitia hofu kuliko kama wangeasi waziwazi.

Na uongo je? Mwaka 2014 Chelsea Hays na Leslie Carver wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa matokeo ya watoto 186 wa miaka mitatu hadi saba. Baadhi waliambiwa chumba cha pili kuna bakuli kubwa la peremende, kisha wakaambiwa ulikuwa uongo tu wa kuwavuta waje kucheza. Baadaye kila mtoto aliachwa peke yake, amekatazwa kuchungulia kichezeo kilichofichwa. Kwa wale wa umri wa shule, waliodanganywa walichungulia zaidi, na karibu asilimia 90 ya waliochungulia wakakana. Kwa wasiodanganywa ilikuwa kama asilimia 60. Watoto wa chekechea hawakuonyesha tofauti hiyo, kwa hiyo mwenye mtoto wa miaka mitatu bado ana muda wa kuacha zile "nyamaza, nitakuletea kitumbua nikirudi" anazozitoa ili apate tu kutoka mlangoni.