Demo: maana yake katika makongamano ya teknolojia

Muuza matikiti maji anapotaka kumshawishi mteja, huchukua tikiti moja katika lundo, hulikata kipande kidogo cha pembetatu, kisha humwonyesha wekundu wa ndani. Alichokionyesha ni kweli: tikiti lile limeiva. Lakini ni yeye aliyelichagua tikiti, ni yeye aliyechagua mahali pa kupitisha kisu, na mteja anayeondoka na tikiti jingine lililokuwa chini ya lundo amelipia kitu ambacho hakukiona. Demo, kwa maana inayotumika katika makongamano ya teknolojia, ni kipande hicho cha pembetatu.

Kwa Kiswahili kilichozoeleka tungesema ni onyesho la bidhaa, na wapo waandishi wanaoandika hivyo. Lakini wahusika wenyewe, kuanzia vijana wenye kampuni changa hadi wawekezaji wanaozunguka mabandani, husema demo, nami nitalitumia neno hilo. Demo ni tendo la kuifanyisha bidhaa kazi mbele ya watu, kwa muda mfupi, katika mazingira yaliyoandaliwa na mwenye bidhaa, ili watazamaji waamini kwamba jambo linalodaiwa linawezekana. Hilo la kuwezekana ndilo kiini cha maana yenyewe. Demo huthibitisha kwamba jambo limewezekana mara moja, mahali pamoja, mikononi mwa mtu anayeijua bidhaa yake. Haithibitishi kwamba litatokea kila mara, kwa kila mtumiaji, kwa bei anayoimudu.

Ni vema kuitenga na majirani zake watatu. Sampuli ya awali ni kifaa au programu yenyewe katika hali yake ya mwanzo, iwe inaonyeshwa au imefungiwa kabatini. Majaribio ni bidhaa kuwa mikononi mwa watu wengine kwa wiki au miezi, mwenyewe akiwa hayupo. Uzinduzi ni siku ambayo mtu yeyote mwenye fedha anaweza kuinunua. Habari nyingi za makongamano huharibikia hapa: mwandishi anaona demo, anaandika uzinduzi, na msomaji anakwenda dukani kutafuta kitu ambacho bado hakijatengenezwa.

Demo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa mbali sana na duka. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart aliketi mbele ya watu wapatao 1,000 na kwa dakika 90 akawaonyesha kipanya cha kompyuta, maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, na watu wawili walio mbalimbali wakihariri waraka mmoja huku wakionana kwa video. Wenzake waliomsaidia walikuwa Menlo Park, kilomita karibu 50 kutoka ukumbini. Hakukuwa na ujanja wowote katika aliyoyaonyesha. Hata hivyo kipanya hakikuwa kitu cha kawaida mezani mwa watu hadi miaka ya 1980.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa tarehe 9 Januari 2007, katika mji huohuo, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alipopanda jukwaani kuionyesha iPhone kwa mara ya kwanza. Miaka kadhaa baadaye wahandisi walioiandaa siku ile walieleza hali ilivyokuwa. Simu iliweza kupiga sehemu ya wimbo au kuonyesha sehemu ya video, lakini ilikuwa hatari kuiacha ifike mwisho, kwa sababu ingeweza kuzima. Kutuma barua pepe kwanza na kufungua intaneti baadaye kulikubali. Kugeuza mpangilio huo kulikuwa kujitafutia balaa. Jukwaani palikuwa na simu kadhaa, ili moja ikiishiwa kumbukumbu ashike nyingine. Vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mtandao vilikuwa vimepangwa vibaki vitano muda wote, hata kama mawimbi yangekuwa hafifu. Kwa kujaribu na kujaribu tena walikuwa wameugundua mfuatano wa hatua ambao simu ingeweza kuupita bila kuanguka, wakauita njia ya dhahabu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa; siku ile hata bahari ilikuwa imeundwa.

Je, watazamaji walidanganywa? Simu iliingia sokoni tarehe 29 Juni mwaka huohuo, na mambo yaliyoonyeshwa iliyafanya. Mimi naona kuna mpaka unaopita katikati ya hila hizo. Kuchagua njia ni haki ya mwenye demo, kama ilivyo haki ya muuza matikiti kuchagua pa kukata, kwa kuwa kila anayetazama anajua kwamba amechaguliwa cha kutazama. Vile vijiti vitano ni jambo jingine. Hapo kipimo chenyewe kilisemeshwa kitu ambacho hakikupima, na mtazamaji hakuwa na njia ya kujua. Mwandishi anayehudhuria makongamano ataukuta mpaka huu kila mara, na mara nyingi utakuwa mwembamba hivyohivyo.

Upande wa pili kabisa wa mpaka uko mkasa wa kampuni ya Marekani ya Nikola, iliyodai kutengeneza malori yanayotumia hidrojeni na umeme. Januari 2018 kampuni hiyo ilitoa video ya lori lake likiteremka kwa kasi katika barabara iliyonyooka. Septemba 2020 wachunguzi wa kampuni ya Hindenburg Research walichapisha ripoti kwamba lori lile lilikokotwa hadi juu ya mteremko, kisha likaachiwa lishuke lenyewe. Majibu ya Nikola yanastahili kusomwa na kila anayejifunza kazi hii: kampuni ilisema haikuwahi kutamka kwamba katika video ile lori lilikuwa likijiendesha kwa nguvu zake. Na kweli, kichwa cha video kilisema tu kwamba lori liko katika mwendo. Mwendo ulikuwapo; aliyeongeza injini ni mtazamaji. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alitiwa hatiani kwa ulaghai Oktoba 2022, akahukumiwa kifungo cha miaka minne, na Machi 2025 akapewa msamaha wa rais. Kampuni nayo ilikuwa imekubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 125 kumaliza madai ya mamlaka ya masoko ya mitaji.

Video, kwa hiyo, si demo, hata ikiitwa hivyo. Desemba 2023 Google ilitoa video ya mfumo wake wa akili bandia wa Gemini ukionekana kuzungumza na mtu papo kwa papo. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba mfumo ulipewa picha zilizotulia na maswali ya maandishi, na kwamba muda wa kusubiri majibu ulikuwa umepunguzwa. Ukitaka kuona demo iliyo hai bila shaka yoyote, tazama iliyoanguka. Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani wakati Windows 98 ilipozima na kuacha kioo cha bluu mbele ya umati, mara tu mwenzake alipochomeka skana. Ukumbi ulicheka, lakini hakuna aliyeweza kutilia shaka kwamba kilichoonyeshwa ni programu yenyewe, na ilitoka miezi miwili baadaye.

Hapo ndipo kazi ya mahojiano inapoanza. Kumhoji mwanzilishi baada ya demo ni kumwomba alikate tikiti jingine, safari hii uchague wewe. Maswali ya jumla kuhusu ndoto yake na soko lake hayakati kitu. Atayajibu kwa maneno yaleyale aliyowaambia wawekezaji, na pengine kwa ufasaha zaidi kwa kuwa ameyarudia siku nzima. Kinachokata ni ombi dogo: naomba nitumie simu yangu badala ya yako, naomba uzime intaneti ya ukumbi, naomba niandike jina langu mimi badala ya lile ulilozoea kuandika.

Niliwahi kusimama kwenye banda la kijana aliyetengeneza programu ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa kupiga picha jani. Mezani alikuwa na majani matatu yaliyokaushwa na kufunikwa kwa plastiki. Alielekeza kamera kwenye la kwanza, lenye mabaka ya njano na kingo zilizojikunja, na kabla sijavuta pumzi neno batobato lilijitokeza kwenye kioo. La pili, michirizi ya kahawia. La tatu, zima. Nilitoka nje ya ukumbi, nikachuma jani la mpera uliokuwa karibu na lango, nikarudi nalo. Programu ilisema batobato. Yule kijana hakukasirika wala hakubabaika. Alinieleza kwamba programu ilifunzwa kwa picha za muhogo peke yake, kwa hiyo haina neno la kusema kuhusu jani lisilo la muhogo, na kila kitu inachokiona hulazimika kukitia katika moja ya makundi matatu inayoyajua. Jibu lile lilinifaa kuliko demo nzima, kwa sababu liliniambia bidhaa yake ni nini hasa na mkulima atahitaji uangalifu gani akiitumia.

Kiswahili kinatupa kipimo kingine katika mahojiano haya, nacho ni viambishi vya nyakati. Waanzilishi wengi husema kwa -na- mambo ambayo ukweli wake ni -ta-: mfumo wetu unawaunganisha wakulima na wanunuzi, tunafanya kazi katika mikoa yote. Si lazima wawe waongo. Wameishi na wazo hilo muda mrefu hata linawatokea kama jambo lililokwisha kuwa. Mwandishi na ashike kila kitenzi aulize: jana, kilitokea mara ngapi, na wapi? Ikiwa jibu ni bado, kitenzi kibadilike katika habari kabla ya kuchapishwa.

Swali ambalo mimi sitoki bandani bila kuliuliza ni nani ameitumia bidhaa hiyo mwanzilishi akiwa hayupo, na aliifanyia nini. Thamani yake inaonekana katika historia ya M-Pesa. Majaribio yalipoanza nchini Kenya mwaka 2005, yakiwahusisha mamia machache ya wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, kusudi lilikuwa kuwarahisishia watu kulipa marejesho ya mikopo yao kwa simu. Demo yoyote ya wakati ule ingeonyesha marejesho ya mkopo. Watu walipoachiwa mfumo huo wakautumia kutumiana fedha, na wengine wakaziweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasizibebe mfukoni. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, ilikuwa ni huduma ya kutumiana fedha. Waliobuni walijifunza bidhaa yao ni nini kutoka kwa waliokuwa wameiona muda mfupi tu.

Katika habari iliyochapishwa, demo inastahili kubaki demo. Kuhusu yule kijana wa muhogo niliandika kwamba programu yake ilitambua kwa usahihi majani matatu aliyoyaleta mwenyewe, kwamba jani la mpera iliita batobato, kwamba alieleza sababu, na kwamba wakati huo hakuna mkulima aliyekuwa ameitumia shambani bila yeye kuwapo. Mhariri alitaka kichwa kiseme programu inatambua magonjwa ya muhogo. Tulibishana kidogo, na kilichotoka kilisema programu ya kutambua magonjwa ya muhogo yaonyeshwa.