Mkono unatetemeka na bado nataka kushona kofia: maswali na majibu

Mama yangu anashona kofia za viua, zile zenye vitundu vinavyodariziwa kwa mkono, tangu yuko msichana, hapa Unguja, na miaka ya karibuni mikono ikaanza kumtetemeka. Maswali haya mengi aliuliza yeye, mengine wenzake wa ukumbini.

Mbona mkono umetulia nikikaa tu, nikishika sindano ndo unaanza?

Hiyo ni dalili muhimu sana, mwambie daktari hivohivo. Kutetemeka kunakokuja mkono ukiwa kazini, kushona, kumimina chai, kutia sahihi, mara nyingi ni ile inayoitwa esensheli trema, inatokea ubongoni na si kwenye vidole, na mara nyingi inakwenda na ukoo kwahiyo ulizia kama bibi au baba alikuwa nayo. Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo, kawaida ni kinyume, mkono unatetemeka ukiwa umeulaza mapajani na ukiunyanyua kufanya kitu unapungua, inaanza upande mmoja, mtu anakuwa mzito kwenye kutembea na mwandiko unakuwa mdogomdogo. Sio kila kutetemeka ni Parkinson jamani, watu wanalia kabla hata hawajapimwa.

Inaweza kuwa kitu kingine?

Ndio. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inatetemesha mikono, na hapo utaona unakonda na moyo unaenda mbio. Dawa nazo zimo, salbutamol ya pumu, valproate ya kifafa. Sukari ikishuka, usingizi mchache, kahawa nyingi, wasiwasi, vyote vinaongeza. Ndo maana mama nilimpeleka kwanza akapimwa damu.

Jirani ana dawa ya kutuliza mikono, nijaribu?

Usijaribu. Mara nyingi ni propranolol, inasaidia kweli esensheli trema lakini kwa mwenye pumu inaweza kumbana pumzi vibaya, na inashusha mapigo ya moyo. Akuandikie daktari.

Sasa kushona nashonaje?

Hapa ndo nataka usome taratibu. Mkono ulioning'inia hewani unatetemeka zaidi, kwahiyo usishone umeinama juu ya mapaja, weka mto mgumu au kaa mezani, viwiko viegemee, na ubavu wa kiganja uguse kitambaa ili kinachocheza kiwe vidole tu, sio mkono mzima kuanzia begani. Mama alipoweka mto ule tu, siku ileile alimaliza mstari ambao wiki nzima ulikuwa unamshinda, akanyamaza anaukodolea macho. Pili, usikaze. Ukibana sindano kwa nguvu na kuzuia pumzi mkono unazidi, toa pumzi polepole na chomeka sindano wakati pumzi inatoka. Tatu, kitambaa kikishikwa na fremu iliyofungwa mezani mkono wa kushoto unapumzika. Sindano nyembamba sana inateleza, chukua nene kidogo kama kiua kinaruhusu.

Kutunga uzi ndo kero kubwa, najua. Chomeka sindano wima kwenye sponji, tundu likutazame, pitisha uzi kwenye nta ya nyuki ukakamae halafu ulete uzi kwenye sindano, au nunua kile kikamba chembamba cha waya cha kutungia. Tunga sindano kumi asubuhi mikono ikiwa fresh na uzichomeke kwenye mto wako. Na sindano mdomoni usiweke kabisa, ukishtuka unaimeza.

Nishone saa ngapi?

Saa mkono wako umetulia, na kila mtu ana yake. Kahawa na chai ya rangi kali acha mpaka umalize. Shona dakika 20 usimame, uchovu unazidisha kutetemeka. Anayetumia dawa za Parkinson ashone wakati dawa imeshashika, sio ile saa inakaribia kuisha.

Viua vidogo vimenishinda kabisa, ndo basi?

Mama vilimshinda vile vidogo kabisa mwaka jana, alisema mwenyewe. Sasa vidogo anashona binti wa jirani, mama anamwonesha namna ya kushona, na yeye anashona vikubwa na kuunganisha kofia.

Lini nikimbie hospitali?

Kutetemeka kukianza ghafla, au mkono mmoja ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno hayatoki vizuri. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, nenda saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.