Arginasi-1 ni alama ya panya

Nimeletewa rasimu nyingine ya tasnifu yenye hitimisho lile lile: makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) za mgonjwa si M2, yaani hali ya kutuliza uvimbe na kuponya, kwa kuwa arginasi-1, kimeng'enya kinachovunja arginini, haikuonekana. Jamani, haikuonekana kwa sababu aliyetoa damu ni mtu!

Makrofaji za uboho wa panya ukizipa IL-4 (protini ya kinga inayozielekeza kwenye M2), kesho yake Arg1, yaani arginasi-1, imepanda ajabu, Ym1 na Fizz1, alama nyingine za M2 za panya, nazo juu. Sasa chukua monositi za binadamu, zikuze kwa M-CSF (kichocheo cha ukuaji) mpaka ziwe makrofaji, uzipe IL-4: Arg1 kimya. Ym1 na Fizz1 usihangaike nazo, jeni hizo binadamu hana. F4/80, alama ya makrofaji za panya? Kwetu binadamu hukaa kwenye eosinofili, seli nyeupe za aina nyingine.

Kuna wanaonijibu, "Lakini mkanda wa arginasi-1 niliuona kwenye bloti (kipimo cha protini)." Sikatai, uliuona. Arginasi-1 ya binadamu imehifadhiwa ndani ya chembechembe za nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Mgonjwa mwenye maambukizi makali, kifua kikuu kwa mfano, huwa na nyutrofili nyepesi zisizozama kwenye Ficoll, kimiminika cha kutenganishia seli za damu; hubaki kwenye ule utando mweupe unaoufyonza kwa pipeti, zimechanganyika na monositi zako. Zikibaki chache baada ya kuosha, zinaweza kukutolea mkanda huo. Kwa hiyo kabla ya kuandika "M2", pitisha seli kwenye flosaitometa (mashine ya kutambua seli kwa alama zake) utazame zenye CD66b, alama ya nyutrofili.

Hata majina M1 (hali ya kushambulia) na M2 yana asili ya panya. Mills na wenzake waliyatoa mwaka 2000 wakilinganisha koo za panya kama C57BL/6 na BALB/c, na walichopima ni arginini: inageuzwa nitriki oksaidi, au ornithini?

iNOS, kimeng'enya cha M1 kinachotengeneza nitriki oksaidi, ndiyo inayonisumbua kweli. Kwenye sahani za maabara, vichocheo vya M1, IFN-γ na LPS, havitoi nitriti (dalili ya nitriki oksaidi) ya maana kwa makrofaji za binadamu, ilhali iNOS imeonekana kwenye makrofaji za mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Huenda kasoro iko kwenye sahani zetu.

Basi upime nini? Protini TGM2 na CD206 hupanda kwa IL-4 kwa panya na kwa mtu. CCL18, alama nyingine ya M2, ni ya binadamu, panya hana. Ila CD206 uwe nayo macho: makrofaji zilizokuzwa kutoka monositi huwa nayo hata kabla ya IL-4, kwa hiyo "ipo" haitoshi, linganisha kiwango chake na seli za mtu yule yule zisizopewa kitu. Na kwenye jedwali andika M(IL-4), kama Murray na wenzake walivyopendekeza mwaka 2014, ili msomaji ajue seli zilipewa nini.